Mtoto Huyu Hana Pepo

Kila Desemba tunapakia magari. Mchele, sukari, miche ya sabuni, mafuta ya kula, nguo zilizowabana watoto wetu. Tunafika kituoni, watoto wanapangwa mstari, wanatuimbia, tunapiga picha, tunaomba, tunaondoka kabla ya giza. Njiani tunaambizana kwamba tumetimiza Yakobo 1:27. Hatujatimiza. Yakobo anasema habari za kuwaangalia yatima katika shida yao. Sisi tulikwenda kuangaliwa.

Tunayasema haya tukijua tunajisema wenyewe, wachungaji mbele. Ni sisi tunaoitwa mtoto anapowashinda walezi. Mwaka fulani tuliitwa kumwombea binti wa miaka kumi na mmoja aliyekuwa akikojoa kitandani na kuwapiga wenzake. Tulimwekea mikono, tukakemea, tukapaza sauti. Alitetemeka, tukasema pepo anatoka. Wiki iliyofuata alikojoa tena, na safari hii akachapwa, kwa kuwa sasa ulionekana ni ukaidi: pepo si ameshatoka? Hatukuuliza hata mara moja mama yake alifariki lini, wala nani alikuwa naye chumbani usiku ule. Tulikuja kuambiwa baadaye. Alikuwa binti huyo, peke yake.

Hapa Nyanda za Juu Kusini hatuna udhuru wa kutojua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007–08 ulikuta watu wazima karibu 16 katika kila 100 mkoani Iringa, Njombe ikiwa bado ndani yake, wanaishi na VVU; Mbeya walikuwa 9, na taifa zima chini ya 6. Tulizika kila wiki. Bibi wa miaka sabini alibaki na wajukuu watano na shamba asiloweza kulilima. Ndipo vituo vikaongezeka, kuanzia Mbalizi hadi Ilula, vingi kwa nia njema. Sisi Walutheri tuna historia ndefu katika jambo hili: mwaka 1698 Mchungaji August Hermann Francke alianza kujenga nyumba kubwa ya yatima kule Halle, Ujerumani. Lakini nia njema haimzuii mtoto kuumia.

Tutazame hizo tabia tunazoziita ukorofi. Mtoto anaficha ugali chini ya godoro hadi unaota ukungu. Tunamwita mwizi. Huyu amewahi kulala njaa siku nyingi, na mwili wake hauamini kwamba kesho kutapikwa. Mwingine anapigana akiguswa tu begani. Mwingine anatoroka kila mara, na kila mara anakutwa kwenye njia ileile ya kwenda kijijini kwao; hakuna anayejiuliza kwa nini hatoroki kwenda mjini. Na yuko yule anayetupendeza sana, anayemrukia kila mgeni na kumshika mkono asimwachie. Tunamsifu kuwa mchangamfu. Huyo ndiye angetutisha kuliko wote. Mtoto mwenye mtu wake hamkimbilii kila mtu. Amezoea walezi wanaobadilika kila mwaka na vijana wa kujitolea kutoka ng'ambo wanaokaa wiki tatu, wakaahidi kurudi. Kila anayeondoka ni msiba kwake, ila msiba huo hauna matanga.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliwachunguza watoto wa vituoni hapa Tanzania na kutoa matokeo mwaka 2014. Walioingizwa kituoni kabla ya miaka mitano walikuwa wameonja ukatili mwingi zaidi humo ndani, na walikuwa na matatizo mengi zaidi ya afya ya akili, kuliko walioingia wakiwa wakubwa. Ndiyo, kuna utafiti wa mwaka 2009 wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, usioona kwamba watoto wa vituoni wako katika hali mbaya kuliko yatima walioko kwa ndugu. Tunaukubali. Nyumba ya mjomba nayo yaweza kuwa jehanamu, na wapo watoto waliookolewa na kituo. Lakini utafiti ule ulihusu watoto wa miaka 6 hadi 12, wachanga hawakuwemo. Na hao wachanga ndio tunaowapokea kwa haraka zaidi, kwa sababu picha zao ndizo zinazoleta wafadhili. Tusifichane.

Wapo watakaotukumbusha fimbo ya Mithali. Anayesema pale ni baba na mwanawe. Mlezi wa mshahara aliyechoka, mwenye watoto ishirini wa watu wengine na fimbo moja, hayumo katika andiko lile. Tena watoto haohao tunawaleta kipaimara na kuwakaririsha Amri ya Nne, kumheshimu baba na mama, bila hata kutua kidogo.

Mordekai hakumjengea Esta bweni. Alimchukua nyumbani kwake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatuwekea njia hiyohiyo, malezi ya kambo, kupitia ofisi ya ustawi wa jamii. Katika sharika zetu, ni wangapi tumewahi kubisha hodi katika ofisi hiyo? Tunajenga ukumbi wa pili wa usharika huku tukisema nyumba zetu hazina nafasi.

Na wengi wa watoto hao hawahitaji hata nyumba zetu, maana wana kwao. Mwaka jana tulimtembelea bibi mmoja upande wa Kilolo ambaye mjukuu wake yuko kituoni. Tulidhani amemchoka. Alituambia alimpeleka kwa sababu ya chakula tu. Angepata debe la mahindi kila mwezi na mtu wa kumsaidia kulima, asingemtoa. Alituuliza kama mtoto bado anakojoa kitandani, kwa sababu alipokuwa kwake alikuwa ameanza kuacha.

Jumapili iliyofuata, katika mnada wa mavuno, jogoo mmoja alipandishwa bei kwa vigelegele, akanunuliwa, akatolewa tena, akanunuliwa tena. Tulipiga hesabu tukiwa tumekaa palepale. Fedha ya jogoo yule ingetosha mahindi ya bibi kwa miezi mitatu.