"Amepatikana" Si Mwisho wa Stori

Wasee, kuna neno limenichosha: "amepatikana."

Mnajua vile huwa. Kijana anabebwa na wanaume waliofunika nyuso. Tunaposti picha yake, tunapiga kelele, mamake analia kwa TV. Siku kadhaa baadaye anaachwa kando ya barabara usiku. Tunaandika "amepatikana, asanteni," halafu tunarudi kwa vichekesho. Hata mimi nimefanya hivyo.

Lakini kwani alikuwa amepotea? Funguo ndizo hupotea. Huyu alichukuliwa, na kuna mtu alimchukua.

Kufikia mwisho wa Desemba 2024, tume ya kitaifa ya haki za binadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu watu 82 waliotekwa nyara tangu maandamano ya Juni ya kupinga Mswada wa Fedha. 29 walikuwa hawajulikani waliko. Sasa niambie, umesikia watekaji wangapi wamesimama kizimbani?

Mimi si wakili, chuo niliacha. Lakini Katiba nimesoma. Kifungu cha 49 kinasema ukikamatwa ufikishwe kortini ndani ya saa 24, na kama korti imefungwa, siku inayofuata ya korti. Kama kijana ana makosa, korti ziko.

Utaniambia, "Si ushukuru alirudi hai?" Nashukuru sana, maana kuna familia hazijapata hata mwili wa kuzika. Lakini shukrani isifunge faili.

Kumbuka wakili Willie Kimani. Juni 2016 alitoweka na mteja wake na dereva wa teksi wakitoka korti ya Mavoko. Miili yao ikapatikana mtoni. Mawakili waligoma, wakaandamana. Ilichukua miaka 6, lakini Julai 2022 polisi 3 na mpasha habari wao walipatikana na hatia ya mauaji. Kumbe inawezekana.

Kwa hivyo mtu akirudi, tusifute ile posti. Kama yeye na familia wamekubali, tuandike ya pili: alichukuliwa wapi, saa ngapi, gari gani, namba ya OB ni ipi. Halafu tuulize kila wiki: nani alimchukua, na nani alimtuma?

Aliyerudi tumkumbatie. Aliyemchukua bado hajapatikana.