Tenda wema wende zako, na aliyetendewa je?

Wiki mbili zilizopita nilihudhuria mkutano wa wazee wa skuli moja ya msingi hapa Mjini. Sitaitaja, maana lililotokea pale lingeweza kutokea Fuoni, Bububu au Makunduchi. Tulizungumza habari ya vyoo, mchango wa mlinzi na watoto wanaochelewa namba. Tulipofika kwenye mengineyo, mama mmoja akanyanyua mkono. Akasema yule mzee seremala aliyekuwa akitutengenezea madawati amefariki tangu mfungo mosi, na skuli haijatoa hata neno. Hatuwezi kuliandika jina lake pale mlangoni? Au watoto wakamsomea khitma?

Mwenyekiti hakuchukua muda kufikiri. "Mama, malipo yake yako kwa Mola. Wahenga wameshasema, tenda wema wende zako." Vichwa vikaitikia chumba kizima. Dua ikasomwa, tukatawanyika. Mimi nilitoka pale nimefura, na hadi leo sijapoa.

Kauli ile si ya mwenyekiti peke yake. Ni imani ya kisiwa kizima. Tumekubaliana, pasi na mtu kuuliza, kwamba mtu akiifanyia skuli wema bila ya kuitwa wala kulipwa, adabu ni kunyamaza, na kumtaja ni kumharibia. Nasema imani hiyo ni batili. Ni uvivu uliovishwa kanzu.

Hebu tuirudie methali yenyewe, sisi tuliozaliwa na Kiswahili. "Tenda" ni amri, na anayeamriwa ni mtenda. Yeye ndiye aliyeambiwa asisimame mlangoni kungoja ahsante. Aliyetendewa hakutajwa hata kwa herufi moja. Hakuna mhenga aliyesema "tendewa wema unyamaze". Wasia wa mtoaji tumeuchukua tukaufanya ruhusa ya mpokeaji. Mzee yule aliutimiza upande wake: alitenda, akenda zake. Upande wetu uko wapi?

Nilimjua. Hakuwa na mtoto wala mjukuu katika skuli ile. Alikuja Jumamosi asubuhi na mfuko wa turubai: nyundo, msumeno, randa, koleo. Alikaa chini ya muembe, madawati mabovu yamepangwa mbele yake. Kwanza aliyavunja yaliyokwisha kabisa ili apate mbao za kuyatibu yaliyobaki. Kisha akachomoa misumari iliyopinda, mmoja mmoja, akauweka kila mmoja juu ya jiwe na kuugonga pole pole, akiuzungusha kwa kidole gumba mpaka unyooke. Ulionyooka ulitiwa kwenye kopo la maziwa. Siku moja nilimwambia, "Babu, nitakununulia misumari mipya, acha hiyo." Akanijibu bila ya kunyanyua uso: "Lete, mwanangu. Hii nayo ni misumari." Nilimletea kilo moja. Akaimimina kwenye kopo lile lile na kuendelea kugonga.

Alifanya hivyo miaka, mpaka mgongo ulipokataa. Alipokufa, watoto ndio waliopeleka habari skuli. Mazikoni hakwenda mtu kwa niaba ya skuli.

Na kwa kuwa wenzangu wametanguliza dini, nami nitaanzia huko huko. Kila aliyesoma chuoni anakijua kisa cha yule mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume, Madina. Kimo ndani ya Bukhari na Muslim. Alifariki, masahaba wakamzika bila ya kumuarifu Mtume, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume (S.A.W.) hakumuona, akauliza, akaambiwa amekufa. Aliwalaumu kwa kutomwambia. Akataka aoneshwe kaburi lake, akenda akamsalia. Mfagiaji! Wala hakuwaambia masahaba kwamba malipo yake yako kwa Mola, basi yameisha. Nani ajuaye zaidi yake kwamba malipo yako kwa Mola? Na bado aliuliza, na bado alikwenda. Sisi tuliambiwa habari mkutanoni, tena na mama aliyekuwa akituomba, tukafunga daftari.

Nikalisema hilo nje ya lango, jamaa mmoja akanijibu kwamba akitajwa itaingia riya. Jibu hili nimelisikia tangu utotoni na sijapata kuona hoja dhaifu kuliko hii. Riya ni maradhi ya moyo wa mwenye kutenda. Haimwingii mtu kupitia ulimi wa jirani yake. Na huyu tunayemzungumza yumo kaburini. Maiti atajionesha kwa nani? Sadaka ya dhahiri yenyewe imesifiwa ndani ya Kurani, ingawa ile ya siri anayopewa fakiri imefanywa bora. Na tumefundishwa kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Sijui mafundisho haya huenda wapi tunapofika kwenye mlango wa skuli.

Mbona riya haiogopwi panapokuwa na cheo? Kila Januari, katika shamrashamra za Mapinduzi, mawe ya msingi yanawekwa na majengo yanafunguliwa Unguja na Pemba. Sipingi hata kidogo. Skuli za ghorofa zilizosimama miaka hii zimewatoa watoto wetu kwenye msongamano, na mwenye macho anaziona. Lakini lisome lile bamba la marumaru. Limeandikwa aliyeweka jiwe, cheo chake na tarehe. Alishika mwiko mpya kwa dakika mbili, mbele ya kamera. Fundi aliyenyanyua ukuta wote hayumo. Kinamama waliopanga foleni na ndoo za maji na mchanga kichwani hawamo.   Nauliza moja tu: kama jina likitajwa thawabu zinayeyuka, kwa nini tunawayeyushia wakubwa wetu thawabu zao kwenye marumaru?

Ukipita fukwe za kaskazini na mashariki ya kisiwa, utaona hoteli ikitoa rangi ya kupaka madarasa mawili, bango linasimamishwa barabarani. Sawa, washukuriwe. Lakini kijana wa kijijini aliyepanda ngazi na kuipaka rangi ile siku tatu bila ya ujira, bango lake liko wapi?

Msiniambie kwamba mila yetu haijui kutaja. Tunajua sana. Skuli iliyokuwa ya King George VI leo ni Lumumba. Wasichana wetu wamesoma Ben Bella, wapo waliosoma Haile Selassie, na walimu wetu wamefundwa Nkrumah. Mkongo, Mualjeria, Muhabeshi, Mghana. Naona fahari kwa majina ya viongozi hao wa Afrika, na siombi yafutwe. Lakini kisiwa kilichoweza kumkumbuka Lumumba wa Kongo kwa jengo zima, kinashindwa vipi kumkumbuka seremala wa mtaa wa pili kwa mstari mmoja wa rangi nyeupe? Na kasoro hii ni ya zamani. Wafanyabiashara wa Kihindi wa mji huu walipoanzisha skuli yao mwishoni mwa karne ya 19, jina lililowekwa juu lilikuwa la balozi wa Kiingereza, Euan-Smith. Waliotoa fedha wakabaki kwa wanaosoma vitabu vya historia.

Wazee wa Mji Mkongwe walikuwa na utaratibu ulio bora kuliko wetu. Mtu akiiweka nyumba yake wakfu kwa ajili ya msikiti au chuo, waraka uliandikwa kwa jina lake na la baba yake, mbele ya mashahidi. Hakuna aliyemwambia kwamba ameharibu ikhlasi yake. Jina lile ndilo lililolinda mali ile isiliwe. Leo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inasimamia mali za watu waliokufa zamani, na tunawajua kwa kuwa waliandikwa. Mwenye nyumba ya ghorofa aliandikwa. Mwenye kopo la misumari asiandikwe?

Nadhani mzizi wa maradhi haya ni namna tulivyolielewa neno "bila malipo". Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Abeid Karume alitangaza elimu bila malipo Zanzibar, na milango iliyokuwa imefungwa kwa watoto wa wakulima na wavuvi ikafunguka. Ni tangazo kubwa kuliko mengi yaliyotolewa katika visiwa hivi. Lakini tangazo halijengi ukuta. Vijiji vingi vya Unguja vilikata mawe, vikachoma chokaa, vikachanga saruji na kunyanyua madarasa mpaka kwenye linta, ndipo Serikali ikaja kuezeka na kumalizia. Mtoto hakulipa. Mtu mwengine alilipa, kwa mgongo wake, na mara nyingi hakuwa hata na mtoto darasani. Tukiimba "bila malipo" bila ya kuwataja watu hao, tunawafundisha watoto kwamba madawati yanaota kama magugu.

Tazama skuli za awali za madrasa. Mpango ule ulianzia Mombasa mwaka 1986, na Bi Swafiya Said ndiye aliyekuwa nguzo yake, akiwafundisha kinamama wa kawaida kuwa walimu wa watoto wadogo. Ukavuka ukaja Zanzibar mwaka 1990. Bi Swafiya anatajwa, na ni haki yake. Lakini mpango ule ulisimama kwa sababu jamii zenyewe zilitoa vyumba, zikachagua kamati, zikawatoa mabinti zao wakafunzwe. Ingia leo kwenye skuli ya namna hiyo shamba uulize chumba hiki kilitolewa na nani. Mwalimu kijana ataangalia dari.

Na matunda ya kutaja yanaonekana kwa jirani zetu. Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko na mwalimu wa sayansi katika skuli ya Keriko, Njoro, Kenya, alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia wanafunzi na watu masikini wa kijiji kile. Alitenda, akenda zake. Machi 2019 akaitwa Dubai, akapewa tuzo ya mwalimu bora wa dunia na dola milioni 1. Nani aliharibikiwa? Angelikuwa chini ya kamati zetu, angelijibiwa kwamba malipo yake yako kwa Mola, na mimi na wewe tusingelijua kwamba upo mwalimu wa namna ile. Kijana akimuona mtu kama yule anaheshimiwa, anapata wa kumuiga. Kijana wetu anayemuona mgeni rasmi peke yake kwenye kochi, anajifunza kuutaka ugeni rasmi.

Siombi milioni, wala dola. Naomba daftari. Kila kamati ya skuli iwe na daftari la walioisaidia skuli bila ya kuajiriwa: fundi, mama anayeleta maji, kijana anayefundisha hesabu jioni, mzee anayewavusha watoto barabarani. Sheha awasaidie kuyakusanya majina, kwani yeye anaujua mtaa. Kila tarehe 23 Septemba, kabla ya hotuba yoyote, mtoto asimame ayasome. Aliye hai apelekewe watoto nyumbani wakamuamkie. Aliyekufa asomewe khitma. Gharama yake ni kalamu.

Nawe msomaji, mwanao akirudi leo, muulize dawati analokalia limetengenezwa na nani. Asipojua, mtume kesho kwa mwalimu akaulize.

Mwenyekiti wangu, wewe nakuheshimu, na nakuandikia haya hadharani kwa kuwa ulilisema lako hadharani. Mkutano mwengine ni mwezi ujao. Mama yule atanyanyua mkono tena, nimeshazungumza naye, na safari hii nitakuwa nimekaa ubavuni pake na brashi na kopo la rangi. Ukuta wa mlangoni una nafasi. Turuhusu tuliandike jina.