Nyongeza za Kompyuta Zikaguliwe Kabla ya Kukabidhiwa Hesabu za Kikosi

Limezuka katika ofisi zetu jambo ambalo hatuoni busara kulinyamazia. Karani wa bohari au wa posho akishazoea majedwali ya kompyuta, huanza kuona kwamba hayamtoshi. Husikia kwa mwenziwe kuwa iko programu ndogo ya nyongeza iwezayo kuchambua matumizi ya mafuta kwa dakika moja, kuchora michoro ya rangi na kukisia mahitaji ya mwezi ujao. Basi huipachika katika kompyuta ya kikosi, na jioni ile taarifa humfikia mkuu ikiwa inang'aa. Hakuna aulizaye nyongeza imetoka wapi, inakokotoa kwa njia gani, wala siku itakapogoma nani ataifufua.

Hatusemi kwamba nyongeza ni ubaya. Jedwali la kompyuta lenyewe ni mtoto wa biashara. VisiCalc, iliyotungwa na Dan Bricklin na Bob Frankston, ilitoka mwaka 1979, nayo iliwafaa zaidi wafanyabiashara waliochoshwa na kufuta na kuandika upya. Majeshi na polisi wamekiazima chombo hicho kwa sababu bohari la mafuta na duka la vitambaa huhesabiwa kwa kanuni zile zile: kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Tofauti ni kwamba mwenye duka akikosea hupata hasara, hali bohari likikosea doria hukwama porini usiku.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta nje, itazamwe kwanza iliyomo ndani. Excel, ambayo ndiyo imeenea zaidi, huja na Analysis ToolPak kwa kazi za takwimu, na Solver kwa kutafuta jibu lililo bora penye vikwazo. Mathalani, namna ya kugawa malori 6 kwa vituo 9 bila kupoteza mafuta. Solver hiyo ina ukomo wa vigezo 200, navyo vyatosha kabisa kazi ya namna hii. Zote mbili zimelala tu, zikingoja kuamshwa katika orodha ya Add-ins iliyo ndani ya Options. Tumewahi kuona ofisi ikiomba fedha za kununua kitu ambacho kilikuwa tayari kimo katika mashine yake.

Iliyo bora kupita zote, kwa maoni yetu, ni Power Query. Katika matoleo ya 2010 na 2013 ilikuwa nyongeza ya kupakuliwa. Tangu toleo la 2016 imekuwa kiungo cha Excel yenyewe. Hukusanya faili za kila kituo na kuziunganisha kuwa jedwali moja, na kila hatua iliyopitiwa huandikwa pembeni, hata mkaguzi akija baada ya miezi sita aweza kufuata nyayo. Yako na mengine. Sisi tunaoshirikiana na ndugu zetu wa Burundi na Kongo tunajua kwamba kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Kifaransa hutenga desimali kwa mkato. Lita 12,500 kwao zaweza kuwa lita kumi na mbili na nusu. Kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Kiingereza huzisoma kuwa elfu kumi na mbili na mia tano, wala haitoi onyo lo lote. Power Query hukubali kuambiwa namba zimeandikwa kwa desturi gani. Nyongeza nyingi za mapambo hazijui hata kuuliza.

Ikiwa baada ya hayo bado pana haja ya nyongeza ya nje, swali la kwanza liwe hili: hesabu inafanyika wapi? Nyongeza nyingi za siku hizi ni kurasa za mtandao zilizovishwa sura ya Excel. Huletwa kutoka mashine ya mtengenezaji, na takwimu zaweza kusafiri kwenda huko huko. Kwa muuza viatu huenda si neno. Kwa jedwali la majina, vyeo na vituo vya askari ni jambo la usalama.

Na hata pasipo nyongeza, jedwali laweza kuwaponza askari. Mwezi wa Agosti 2023 Polisi ya Ireland ya Kaskazini, ikijibu ombi la habari kutoka kwa raia, ilitoa faili ya hesabu ambayo ndani yake mlikuwa na karatasi iliyofichwa. Majina ya ukoo, herufi za kwanza za majina, vyeo na kazi za askari na watumishi 9,483 vikawa hadharani kwa saa kadhaa, katika nchi ambayo polisi wengi huficha kazi yao hata kwa majirani. Mwaka 2024 jeshi hilo lilitozwa faini ya pauni 750,000. Excel inacho chombo chake cha kufichua karatasi zilizofichwa, kiitwacho Document Inspector. Hakilipiwi hata senti moja zaidi.

Tuje kwenye kuharibika. Taarifa ikifunguliwa makao makuu na kuonyesha #NAME? mahali pa namba, mara nyingi maana yake ni kwamba fomula inaita nyongeza isiyokuwamo katika mashine ile. Nakala ya kupelekwa na ibandikwe thamani tupu, na yenye fomula ibaki kikosini. Nyongeza ikitoweka ghafula, isipakiwe upya kwa hasira. Excel yenyewe huizima iliyowahi kuiangusha, na huitaja katika Disabled Items. Baadhi zimeundwa kwa Excel ya biti 32 na hukataa katu ile ya biti 64. Na programu nzima ikiwa nzito au ikijifunga, ifunguliwe huku kitufe cha Ctrl kimeshikiliwa, ili iamke bila nyongeza. Ugonjwa ukiondoka, basi ziwashwe moja moja mpaka mkorofi apatikane.

Kuna kizuizi kimoja tu ambacho hatushauri kikimbiliwe kuondolewa. Tangu mwaka 2022 Microsoft huzuia makro zilizomo katika faili zilizotoka kwenye intaneti. Makarani hulalamika, na wajanja wamejifunza kukifungua. Huyo ni mlinzi wa lango. Asiondoshwe kabla haijajulikana faili imetoka kwa nani.

Wapo maafisa wasemao nyongeza zote zipigwe marufuku. Hatuungani nao, maana marufuku ya namna hiyo huwafanya watu wazitumie kwa siri. Tunaonelea kila nyongeza mpya ipewe kwanza hesabu za mwezi uliopita, ambazo zilikwisha hakikiwa kwa mkono, nayo ikitoa jibu lile lile ndipo ikabidhiwe za mwezi huu. Kisha iandikwe daftarini kama iandikwavyo silaha: jina lake, toleo, ilikotoka, aliyeiruhusu na tarehe.

Daftari hilo lina faida nyingine ambayo huonekana siku ya uhamisho. Karani aliyeinunua nyongeza kwa anwani yake binafsi ya barua-pepe huondoka na ufunguo wake. Mwaka ukiisha kibali hukoma, ujumbe wa kukihuisha humfikia yeye aliye kilomita mia tano, na aliyempokea hubaki na majedwali yasiyofunguka vema. Katika hati ya makabidhiano ya ofisi tunaomba pawepo mstari wa nyongeza, chini tu ya ule wa funguo za bohari.