Mbuzi Miaka 14, Mtu Miaka 5

Mwandishi mmoja ameitetea Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, akidai imepanga makosa kwa uzito wa madhara. Nampinga. Na afungue kifungu cha 278. Humo wametajwa farasi, punda, ngamia, ng'ombe, kondoo, mbuzi, nguruwe, hata mbuni, pamoja na watoto wao: ukiiba mmoja, kifungo ni hadi miaka 14. Kuku hayumo, mwizi wake huangukia wizi wa kawaida, kifungu cha 275, miaka 3. Kisha asome cha 251: kumpiga mtu hadi kumuumiza, kikomo miaka 5.

Uzito wa nani huo? Sheria hii ilianza kutumika 1930, na orodha hiyo bado inanuka shamba la mlowezi. Najua ng'ombe ni uhai wa mfugaji wa Turkana au Samburu. Hasara yake hakimu aipime. Lakini mwanamke aliyepasuliwa mdomo na mumewe, aketiye kituoni na leso iliyolowa damu, asiambiwe kwamba jeraha lake halifikii nusu ya mbuzi.