Sheria Inasema Miezi Mitatu, Dada Yangu Alipata Wiki Tano

Wasee, leo sina kichekesho. Leo tuongee likizo ya uzazi, na kabla hujapita ukisema hiyo ni story ya wamama, ngoja kidogo.

Nilipoacha chuo nikarudi nyumbani Bomet, kazi yangu ya kwanza haikuwa kamera. Ilikuwa kulea mtoto wa dada yangu. Alikuwa na wiki tano tu. Dada huchuma majani chai kwenye mashamba ya majirani, analipwa kwa kilo. Usipochuma hakuna kilo, na bila kilo hakuna unga. Kwa hivyo asubuhi na mapema alinyonyesha, akabeba kikapu, akaniachia mtoto na kikombe cha maziwa ya ng'ombe.

Mtoto alikataa kile kikombe, akalia mpaka sauti ikakauka. Saa saba mama yake alirudi akikimbia, blauzi imelowa, matiti yamejaa mpaka yanauma. Maziwa yalikuwa shambani, mtoto alikuwa nyumbani.

Sasa sikia sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu na mshahara wote, baba wiki mbili. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Shirika la Afya Duniani nalo linasema mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Yaani hata mama mwenye ofisi Kericho mjini anarudi kazini mtoto akiwa nusu ya safari. Dada yangu hakufika hata hapo.

Mbona? Kwa sababu sheria inaongea na mwajiriwa. Ni kweli kibarua akifanya kazi mfululizo zaidi ya mwezi, sheria hiyo hiyo inaweza kumhesabu kama mwajiriwa. Lakini dada anachuma kwa huyu Jumatatu, kwa yule Alhamisi. Mwajiri wake ni nani hapo? Na mama anayechuma shamba lake mwenyewe je, ajiandikie barua ya likizo?

Kuna mtu atasema wamama wa zamani walizaa wakarudi shamba bila kelele. Nilimuuliza kogo, akacheka. Akaniambia zamani boma lilijaa watu: mmoja anapika, mwingine anachota maji, mwingine anashika mtoto. Leo watu hao wako shule, Nairobi, au wanachuma chai pia.

Mwingine atasema mwenye ekari moja hawezi kumlipa mtu aliye nyumbani miezi mitatu. Huyo yuko sawa kabisa! Shida ni kwamba Kenya imemwachia mwajiri mmoja mzigo wote, na mwajiri wa hivyo akiona tumbo anaona hasara. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa 2000 unasema malipo haya yatoke kwenye bima ya jamii au pesa za umma. Jirani zetu Tanzania, NSSF yao hulipa wanachama mafao ya uzazi.

Sisi watu wa chai tayari tunajua kukatwa. Mbolea tunachukua kwa mkopo, pesa inatolewa kwa majani. Basi tukate na senti chache kwa kila kilo, serikali iongeze zake, uwe mfuko wa wamama: mwenye shamba na kibarua wake, wote. Hapo dada angekaa nyumbani angalau miezi mitatu bila kuchagua kati ya unga na mtoto.

Mpwa wangu sasa anakimbia na kuiba sukari, namshukuru Mungu. Lakini alilelewa kwa sababu mjomba wake aliacha chuo, akawa nyumbani bila kazi. Huo si mpango wa nchi. Hiyo ni bahati.

Wanasiasa watakuja kuomba kura wakiwa na kofia na leso. Waulize hili swali moja: kibarua akijifungua, nani anamlipa?