Springi Kali Haifukuzi Kwelea

Katika nyanda hizi za kati za Tanzania, ambako mvua ya mwaka mzima aghalabu haifiki milimita 600, na ambako mtama na uwele huvumilia ukame uliokwisha kuyashinda mahindi, majira ya nafaka kukomaa yana adui ambaye Mgogo na Mrangi hawahitaji kuelezwa habari zake: kwelea kwelea, ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu, ambaye hula yapata gramu 10 tu za nafaka kwa siku, walakini haji peke yake asilani. Ni kwa ajili ya ndege huyu, au kwa kisingizio chake, ndipo bunduki za upepo, nyingine zikiwa urithi wa wazee, hushushwa kutoka darini, zikapanguswa vumbi, zikajaribiwa na kuonekana zimelegea, na mwenye mali akaanza kuulizia springi iliyo kali kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani, ili aitie mwenyewe nyumbani kwa bisibisi na nyundo. Rai yangu ni kwamba kukarabati chombo hiki ni mbali na kukiongezea ukali ni mbali. La kwanza ni ufundi wa kuheshimiwa, na la pili ni upuuzi mtupu.

Bunduki ya namna hii haina baruti, wala haihifadhi upepo wowote tumboni mwake. Uvunjapo mtutu kuikoki, unaikandamiza springi iliyo nyuma ya pistoni. Ubonyezapo kifyatulio, springi huitupa pistoni mbele ndani ya silinda, na upepo uliobanwa hupenya katika tundu dogo ukaisukuma risasi, ambayo kwa kawaida ina unene wa milimita 4.5 au 5.5. Kinachouzuia upepo usivuje pembeni ni washa iliyo kichwani mwa pistoni, ambayo katika bunduki za siku hizi ni ya plastiki, na katika zile za zamani za Birmingham na za Ujerumani ilikuwa ya ngozi. Ngozi hiyo, bunduki ikilazwa miaka darini katika ukavu wa Dodoma, hukauka, ikasinyaa, ikapasuka kingo. Mwenye bunduki akadhani springi imechoka, kumbe springi haina kosa lolote.

Fundi hodari wa baiskeli haioni ngozi hiyo kuwa kitu kigeni, maadamu ni ndugu ya ile ya pampu, ghairi ya ukubwa. Huchukua ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa, akakata duara lililozidi kidogo upana wa silinda, akailoweka mpaka ikalainika, akaisukuma ndani ya pete ya chuma ikapata umbo la kikombe, akaiacha ikauke humo humo, kisha akapunguza ukingo kwa wembe na kuinywesha mafuta kidogo. Hadhari yake kubwa huwa katika kuifungua bunduki yenyewe, kwa kuwa springi hukaa imebanwa hata kama bunduki haijakokiwa, na mtu aling'oaye pini la nyuma pasipo kuibana kwanza kwa jiriwa aweza kuipokea springi ile usoni. Kazi hii imrudishiapo mtu chombo chake katika nguvu kiliyozaliwa nayo, sioni aibu kuisifu.

Ama springi kali ina habari nyingine. Aliyeiunda bunduki alipima uzito wa pistoni, upana wa tundu na uzito wa risasi vikalingana, na upepo uliobanwa mbele ya pistoni ukawa kama godoro la kuipokea inapofika mwisho wa safari yake. Ukitia springi yenye ghadhabu zaidi, godoro hilo halitoshi, na chuma hupiga chuma. Parafujo hulegea, darubini hupoteza shabaha, washa huchanika, na risasi ambayo jana ilipiga kifuniko cha soda leo haikipigi. Wako pia wanaotia mafuta ya injini mbele ya pistoni. Upepo unapobanwa kwa ghafla hupata moto, mafuta yakawaka kama yawakavyo katika injini ya dizeli, ukasikika mlio mkubwa na moshi ukaonekana, na mwenyewe akafurahi kama aliyefunga bao, asijue kwamba mlio ule ni wa bunduki inayokufa.

Fauka ya hayo kuna sheria. Uingereza, tangu mwaka 1969, bunduki ndefu ya upepo inayopita kipimo chao, ambacho ni kama joule 16, huhesabiwa pamoja na silaha za moto na mwenyewe hudaiwa hati. Ujerumani, inayouzwa bila kibali haina ruhusa ya kupita joule 7.5. Maana yake ni kwamba springi moja yaweza kumhamisha mtu kutoka upande mmoja wa sheria hadi wa pili akiwa amekaa barazani kwake. Kwetu, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hutaka silaha imilikiwe kwa leseni, na fundi wa silaha naye awe na leseni yake. Kwa hiyo kabla mtu hajagusa parafujo moja, apite kwanza kituo cha polisi akaulize habari za chombo chake.

Mkoa huu wa Dodoma umekwisha kuona kipuri kigeni kikitiwa katika chombo kisichokitaka, tena kwa fedha za serikali ya Uingereza. Mpango wa Karanga ulioanza Kongwa mwaka 1947, ulipokosa matrekta ya kutosha, uligeukia vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani: kampuni ya Vickers ikaving'oa mizinga, ikavivika umbo la trekta na kuviita Shervick. Vikaharibika harakaharaka. Mpango wenyewe ulikufa mwaka 1951 kwa sababu kubwa zaidi, mvua haba na udongo unaokauka ukawa kama saruji, na pauni milioni 36 zikapotea. Ila mafundi waliohangaika na vifaru vile wangalikuwa mashahidi wangu wazuri.

Na kwelea je? Kundi la ndege milioni moja, ambalo si kubwa kwa desturi yao, hula tani 10 kwa siku. Serikali huwaendea kwa ndege za kunyunyizia sumu, na watu wa Kondoa huwatega kwa wingi wakawafanya kitoweo. Mtu mwenye bunduki ya upepo huua mmoja kwa kila risasi, na mlio wake mdogo hauwashtui waliobaki hata kiasi cha debe linalogongwa na mtoto aliye juu ya dungu. Nashuku kwamba wengi wanaotafuta springi kali wanawaza kanga na kwale, na hao, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hawawindwi pasipo leseni.

Basi mwenye bunduki iliyolegea na aibadilishe ngozi, na springi ikivunjika atie ya kipimo kile kile. Fedha aliyoiwekea springi kali imlipe mtu wa kuamia ndege mpaka mtama uingie ghalani.