MAONI: Staji kwenye viwanda vya roketi Marekani, vijana wakimbizi wa Congo wanajifungia mlango wenyewe

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tisa, wanafunzi wa uinjinia nchini Marekani huanza kutafuta staji ya likizo kubwa, ile ya Juni hadi Agosti. Siku hizi kati yao wamo vijana waliozaliwa Uvira, Fizi, Masisi ao Rutshuru, na wengine waliozaliwa kambini Nyarugusu, Tanzania, ao Nakivale, Uganda. Katika mwaka wa bajeti wa 2023 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 18,000 kutoka Congo, wengi kuliko kutoka inchi nyingine yoyote. Wazazi wanafanya kazi kwenye machinjio ya kuku na kwenye madepo, watoto wanaingia chuo kikuu. Wachache wanachagua masomo ya ndege na roketi.

Hao wachache hukutana na sentensi moja kwenye matangazo ya kazi: anayeomba lazima awe "mtu wa Marekani". Wengi wakiisoma wanaelewa kwamba wanatafutwa raia tu. Wanaacha, wanarudi depo kupanga makartoni miezi mitatu. Hilo ni kosa, na linawagharimu sana, kwa sababu kwenye kazi hii kampuni nyingi huajiri kwanza wale ambao zimekwisha kuwaona kwenye staji.

Sheria inasema nini? Roketi inayobeba satelaiti na kombora la vita ni kama ndugu wa tumbo moja: mashini yake, mafuta yake, namna ya kuiongoza, vyote vinakaribiana. Ndiyo maana Marekani inailinda teknolojia ya roketi kwa kanuni za silaha zinazoitwa ITAR. Kampuni haiwezi kumuonyesha mgeni michoro yake bila ruhusa ya serikali. Lakini kanuni hizo hizo zinaeleza ni nani anayehesabiwa "mtu wa Marekani". Ni raia, ndiyo. Ni mwenye makao ya kudumu, yaani kadi ya kijani. Halafu ni mkimbizi aliyepokelewa kisheria, pamoja na mtu aliyekwisha kupewa hifadhi. Neno mkimbizi limo ndani ya sheria yenyewe. Kijana aliyefika na familia yake kutoka Nyarugusu kwa mpango wa wakimbizi anaweza kukaa mbele ya mchoro ule ule anaokaa mbele yake mtoto wa Texas.

Kuna pia sheria ya 1986 inayokataza mwajiri kumkataa mkimbizi kwa sababu tu si raia, isipokuwa pale ambapo sheria nyingine ao mkataba wa serikali unalazimisha uraia. Kunako tarehe 24 Agosti 2023, wizara ya sheria ya Marekani iliishtaki kampuni ya SpaceX. Iliituhumu kwamba kuanzia 2018 hadi 2022 iliwavunja moyo wakimbizi na watu wenye hifadhi wasiombe kazi, na kwamba ilikataa kuwaajiri. Kampuni ilikana, ikaenda mbele ya mahakama ya Texas kupinga namna kesi ilivyoendeshwa, na jaji akaisimamisha. Mwezi wa pili 2025, chini ya serikali mpya, wizara yenyewe iliomba kuachana na kesi. Kuna wanaosema basi mambo yamekwisha. Kesi ndiyo iliyoachwa. Maneno ya sheria yamebaki palepale, na kampuni nyingine nyingi zinayasoma vizuri na kuyafuata.

Ni lazima kusema pia mahali ambapo mlango umefungwa kweli. Staji za NASA kwa wanafunzi wa Marekani zinaomba uraia. Kazi zinazogusa siri za jeshi, vilevile. Mtu ambaye ombi lake la hifadhi halijajibiwa bado hahesabiwi, hata kama ana karatasi ya kufanya kazi. Na kijana aliyetoka Lubumbashi ao Bukavu kwa viza ya masomo, hata akiwa wa kwanza darasani, hapiti bila kampuni kumuombea ruhusa, na kampuni nyingi hazijisumbui kwa mtu atakayekaa nao wiki kumi. Huyo ni afadhali aelekeze nguvu kwenye maabara ya chuo chake ao kwenye viwanda visivyoguswa na kanuni hizo.

Jambo moja linasahaulika sana katika familia. Kufuatana na sheria ya mwaka 2000, mzazi akipata uraia, mtoto wake ambaye bado hajafika miaka 18, mwenye kadi ya kijani na anayeishi chini ya ulinzi wa mzazi huyo, anakuwa raia siku hiyo hiyo, bila mtihani wala kiapo. Kuna vijana wanaoandika kwenye fomu kwamba wao ni wakimbizi, kumbe ni raia tangu miaka. Mlango wa NASA uko wazi kwao na hawajui. Papa na mama wangefanya vema kuitoa ile bahasha ya karatasi chini ya kitanda na kuzisoma tarehe pamoja na mtoto. Nao wenye kadi ya kijani wasichelewe: anayepitisha miezi sita tangu afikie haki ya kuomba uraia bila kuomba, anapoteza ulinzi wa ile sheria ya 1986.

Tatizo la tarehe lina sura nyingine pia. Wakimbizi wengi wameandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, na jina la ukoo limekaa mahali pa jina la ubatizo. Kampuni ya ndege huchunguza karatasi kwa makini kuliko depo la nguo. Kama diploma inasema jina hivi na kadi inasema vile, ni vizuri kutengeneza mapema kuliko kungoja wiki ya kwanza ya Juni.

Halafu kuna wazazi. Mzazi anayesema roketi ni mambo ya wazungu angekumbushwa kwamba mwaka wa 1977 na 1978 kampuni ya Kijerumani OTRAG ilirusha roketi zake kutoka kaskazini mwa Shaba, sehemu ambayo leo ni jimbo la Tanganyika. Mbingu za Congo zimekwisha kuziona. Lakini mzazi anayeuliza ni nani atalipa nyumba Julai na Agosti, huyo ana haki ya kuuliza. Jibu ni kwamba staji hizi kwa kawaida zinalipwa kwa saa. Gharama inayobaki ni safari, kodi ya chumba katika mji mwingine, na mara nyingi gari. Kanisa na mutualité za Wacongo huko zinachanga haraka pale kuna kilio ao ndoa. Mchango wa kumpeleka binti kwenye kiwanda cha ndege huko Wichita ao Fort Worth haujazoeleka bado, na hakuna sababu nzuri usizoeleke.

Anayefika huko asitegemee kuunda roketi. Atapewa kipande kimoja: labda kupima nguvu ya kukaza bolti, labda kuandika programu ndogo inayosoma vipimo vya joto, labda kulinganisha mchoro na kitu chenyewe, mstari kwa mstari. Kila chombo cha kazi kina nafasi yake kwenye sanduku. Kimoja kikikosekana, kazi inasimama mpaka kionekane. Kwenye uwanja wa ndege watu hutembea kwa mstari mmoja wakiokota misumari na vipande vya chuma, kwa maana kitu kidogo kikimezwa na mashini kinaweza kuiharibu. Chombo cha Challenger kilipotea mwaka wa 1986 na watu saba ndani yake kwa sababu ya mpira wa kuziba uliokazana na baridi. Mwanafunzi anayechoka kupima bolti ya mia moja anafaa kukumbuka mpira huo. Mwishoni anasimama mbele ya wakubwa kueleza alichofanya, na hapo swali gumu huwa moja: umejuaje?

Aangalie simu yake pia. Picha ya mashini iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la familia, lenye mjomba Goma na dada Kampala, inaweza kuhesabiwa kama kupeleka siri inje ya inchi. Watu wa nyumbani wasikasirike wakisikia "siwezi kueleza". Si kiburi.

Ila kuna kitu ambacho kanuni hizo hazikatazi kukieleza nyumbani. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege ya Hewa Bora ilishindwa kuruka Goma ikaangukia mtaa wa Birere. Tangu 2006 Umoja wa Ulaya umezizuia kampuni za ndege za Congo kuruka katika anga yake kwa sababu usimamizi wa usalama hauaminiwi. Congo haikosi watu wenye akili ya kuendesha ndege ao kuitengeneza. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu anayekataa kutia saini kabla hajakagua, na mkubwa anayekubali kukataliwa. Huko kiwandani mwanafunzi wa miaka 20 akiona kosa ana haki ya kusimamisha kazi ya wazee, nao wanamshukuru. Hilo anaweza kulieleza kwa simu kwa mjomba wa Goma, saa nzima akitaka.